Mapumziko Si ya Wadosi Pekee

Kuna uchovu wa kulala ukaisha. Na kuna ule mwingine, wa kuamka ukiwa umechapa kuliko venye uliingia kitandani. Huu wa pili ndio nataka tubonge leo, ju mtaani karibu kila mse ako nao na hakuna mtu hutaka kuutaja. Unarauka ngware, unagombania mathree, unachapa wera ya mdosi hadi jioni, ukifika keja unafungua lapi ju kuna kazi ya onlaini na mwenyewe ako ng'ambo, kwake ndio kumekucha. Saa nane usiku bado uko macho. Msee akikuuliza rada unasema uko fiti, alafu siku moja uko kwa foleni ya M-Pesa na machozi inaanza kutoka bila mtu kukufanyia kitu. Usijiite mvivu, mtu wangu. Ukifika hapo mwili imeshabonga na wewe mara mingi.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza hii maneno kwa ICD-11, ile orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya. Hawakuiita ugonjwa. Walisema ni hali ya kikazi, inatokana na stresi ya kazini yenye imekaa mda mrefu bila kushughulikiwa, na wakaipa alama tatu: nguvu imekwisha, roho imetoka kwa kazi yako hadi unaichukia, na unahisi hakuna kitu unafanya inashika. Zisome tena polepole hizo tatu, uone kama humjui mtu ako nazo zote. 2021 wakarudi na Shirika la Kazi Duniani wakiwa na hesabu ya kutisha: mwaka wa 2016 pekee, watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kupiga kazi saa 55 ama zaidi kila wiki. Sasa chukua mse wa boda mwenye hutoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Alhamisi ikiisha ameshapita hizo saa, na wikendi ndio huwa na wateja.

Alafu kuna wenye kazi yao haitoi jasho. December 2024, kwa kesi yenye iko korti ya kazi Nairobi, ziliwekwa ripoti za Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kuhusu mayut wenye walikuwa wanachuja video na picha mbaya za Facebook zisikufikie. Zaidi ya 140 walipatikana na yale majeraha ya akili hubaki baada ya mtu kuona vitu za kutisha. Hao walikaa mbele ya skrini tu. Jirani akiwaona asubuhi angesema wameomoka, wako na kazi ya ofisi.

Na venye sisi hujitibu ndio hunihuzunisha. Jaba Ijumaa, vinywaji vya nguvu Jumatatu, tei katikati. Cheki, kila saa ukiwa macho ubongo inakusanya kemikali inaitwa adenosini. Hio ndio hukuletea usingizi, na ukilala ndio hupungua. Kahawa na hivyo vikopo haviitoi, vinaziba tu mahali ingegonga ndio usiiskie. Jaba nayo iko na kathinoni, inasukuma moyo, inafukuza usingizi na njaa, na ikiisha inakuangusha. Sisemi hivi kukuhukumu. Najua kuna shifti za usiku haziwezi isha bila kitu ya kukuweka macho. Nasema ju usingizi ni deni, na hulipwa na usingizi peke yake.

Sasa, kama unaeza pata hata siku chache, ishia Lushoto.

Lushoto iko Bongo, mkoa wa Tanga, juu ya milima ya Usambara Magharibi. Kuna basi za Nairobi kwenda Dar zenye hupitia Namanga, Arusha, Moshi na Same. Mwambie kondakta akushushe Mombo. Beba pasi ya kusafiria. Mkenya halipishwi visa. Na tafadhali, usivuke mpaka na jaba, hata kijiti moja kwa mfuko. Bongo inaitwa mirungi, na kwa sheria yao iko orodha moja na dawa za kulevya. Watu hufungwa.

Mombo ni joto na mkonge, kwa tambarare yenye haina kivuli. Hapo ndio unaingia daladala ama Noah ya kupanda. Barabara ni lami, kedo kilomita 34, imechongwa kwa ubavu wa mlima, kona juu ya kona, maji iko bondeni, unapita Soni na maporomoko yake. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari, Lushoto kama 1,400. Kila mita 1,000 ukipanda joto hupungua kedo digrii sita, so kwa kama saa moja unatoka kwa jua ya kuchoma na kuingia mahali watu wamedunga masweta mchana. Juni hadi Agosti usibebe koti ya kupigia luku, beba ya baridi.

Lakini skia hii. Nairobi iko juu kuliko Lushoto. Kanairo ni karibu mita 1,800. Kama hewa ya juu ndio ingekuwa dawa, hakuna mse wa Githurai angekuwa amechoka. So usipande ukidhani mlima itakufanyia kazi yenyewe. Kenye utapata huko ni mahali hakuna mtu anakukimbiza, na hio unaeza ifikiria kama kitu ndogo hadi siku utaipata.

Watu wa kwanza kutoka mbali kuja kujitibu uchovu huko walikuwa wakoloni, na hii historia mi naona kila kijana mwenye anajilaumu kwa kupumzika anafaa aijue. Wajerumani waliita huo mji Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao Wilhelm II. Maofisa wenye joto na malaria ya pwani ilikuwa imewamaliza walipanda huko kurudisha nguvu. Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, serikali ilikuwa inajua vizuri kabisa ati binadamu akichoka anatolewa kazini, anapelekwa mahali pa baridi, anaachwa alale. Walijua, lakini walijiwekea. Wilayani hapohapo, kuanzia 1907, wanaume Waafrika walipewa kadi za kazi: siku 30 ndani ya kila miezi minne lazima umfanyie mzungu kazi, na usipojaza kadi unapelekwa kazi za serikali. Mlima ulikuwa mmoja na baridi ilikuwa moja, na huku mmoja anapona, mwingine anavunjika mgongo kwa shamba la mzungu. Huku kwetu baadaye Waingereza wakawafunga mababu zetu kipande shingoni, kwa kijibati, ndio wajulikane ni nani ametoroka kazi.

Ndio maana mi huumia nikiskia mse wa Kayole ama wa Manzese akisema kupumzika ni vitu za wazungu. Ilionekana ya wazungu ju ndio walikuwa wametunyima. Shosh na guka zetu walifundishwa na kiboko ati Mwafrika amekaa chini ni Mwafrika mvivu, na hio sauti bado iko ndani ya vichwa zetu. Leo haihitaji mdosi, tunajichapa wenyewe.

Haya, umefika. Siku ya kwanza usiende mahali. Tafuta gesti, kula ugali na maharage ama makande moto, oga maji ya moto kama yapo, ingia kwa blanketi. Mwili ikitaka kulala hushusha joto yake kidogo, na hio baridi ya Lushoto inasaidia. Usiku huwa giza ya ukweli. Ukiona usingizi wa kwanza umekuwa mwepesi, unashtuka shtuka, usikasirike. Mahali pageni ubongo hulala ikichunga mlango. Usiku wa pili ndio huingia. Hii ndio sababu kukimbia huko Jumamosi na kurudi Jumapili ni kujiongezea safari tu.

Simu nayo, mi nashauri uzime. Sio kuweka kimya, kuzima. Ambia mathe na mdosi mapema ndio wasihangaike, alafu uzime.

Ukishalala vizuri, anza kutembea. Irente ndio karibu, kilomita chache kutoka mjini, njia inapita kwa mashamba na nyumba za watu. Unafika ukingoni na mlima unakatika wima. Chini, karibu kilomita nzima, ni Mazinde na mkonge wake, alafu nyika ya Wamasai hadi macho inaishiwa. Karibu na hapo kuna Irente Farm, ya Kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, jemu na mkate wao wenyewe. Kaa kwa nyasi udishi bila kupiga picha ya sahani.

Mbona kutembea? Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitembeza watu dakika 90, wengine mahali pa nyasi na miti, wengine kando ya barabara ya magari mengi. Wale wa miti walirudi wakiwa wamepunguza ile tabia ya kuzungusha wazo moja mbaya kichwani mara mia. Wale wa barabara hawakupata hio nafuu. Unajua hio kuzungusha. Deni ya keja, maneno yenye mdosi alisema, manzi mwenye hajajibu. Miguu ikipata kilima, kichwa inaanza kuachilia.

Ukiwa na nguvu zaidi, ingia msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya asili, inasimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa Tanzania, so unalipa kiingilio na unaenda na mwongozaji. Waongozaji wa mjini wanaijua, na jioni wanaeza kupangia njia ndefu ya kupitia Rangwi, kwenye watawa hulaza wasafiri, hadi Mtae, kijiji chenye kimekaa juu ya mgongo wa mlima na pande zote mbili ni shimo. Magamba kilele ni kama mita 2,230. Ndani kuna ukungu, magome yenye kuvu, na mbega weusi na weupe wakiruka juu yako. Mwongozaji akikuambia "twende taratibu, kaka", skiza. Sisi wa Nairobi hupanda mlima kama tumechelewa kazi.

Na hapa lazima nikuchanue kuhusu salamu. Kenya tumezoea "sasa" na mguu inaendelea. Huko mzee ama mama mtu mzima hapitwi hivyo. Unasimama, unasema shikamoo, unangoja marahaba, alafu maswali yanaanza na hayaishi haraka. Kuna bibi mmoja anauza matunda damu sokoni Lushoto. Nilimfikia mbio mbio, pesa mkononi.

"Shikamoo bibi, ni ngapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Nairobi."

"Haya, karibu. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Na wewe mwenyewe? Mbona macho yako yamechoka hivyo? Kaa hapo upumue, matunda hayakimbii."

Nilikaa kwa gunia lake. Hakunishauri kitu yoyote kubwa. Aliuliza nalala saa ngapi, nani ananipikia, kama nina ndugu mjini. Ilikuwa mda mrefu tangu mtu aniulize nani ananipikia.

Nilivyorudi nilikumbuka kazi ya Daktari Dixon Chibanda kule Zimbabwe. Tangu 2006 amekuwa akifundisha mabibi wa mtaa kukaa kwa benchi nje ya kliniki na kuskiza watu wenye mawazo yamewazidi. Utafiti wenye ulichapishwa 2016 ulionyesha ati wenye walikaa na hao mabibi walipungukiwa na dalili za huzuni na hofu kuliko wenye walipata huduma ya kawaida. Mabibi, benchi na mda. Kila mtaa wetu uko na hivyo vitu vitatu, na bado tunabeba mizigo peke yetu ndani ya keja za bati.

Nisikudanganye ati watu wa Lushoto wanaishi likizo. Utaona akina mama wakishuka na mizigo ya kuni imewapita urefu. Utaona magunia ya viazi, karoti na kabichi yakipakiwa kwa lori za kwenda Dar, na mayut wa rika lako wakibeba hizo gunia mlimani kwa mgongo. Wamechoka pia. Lakini ni uchovu wa mwili wenye jioni huisha na chakula, watu na kulala. Wetu ni wa kichwa, na mwili haujasonga siku nzima, so usiku ikifika mwili inakataa kulala na kichwa inakataa kunyamaza. Ukiwa huko, nunua kwao bila kupunja bei. Mwenye alilima hio karoti kwa mteremko ameitolea jasho.

Mlima huohuo uko na funzo lingine, na hili mi nalichukulia kwa heshima kubwa. Upande wa Korogwe, juu ya milima hii, kuna hospitali ya akili inaitwa Lutindi. Ilianza miaka ya 1890 kama kituo cha wamisionari wa Kijerumani cha kulea watoto wenye walikombolewa utumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikageuka kuwa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, kati ya za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Nairobi ilikuja kupata yake 1910, pale Mathari, kwenye kulikuwa na kituo cha wagonjwa wa ndui. Lutindi bado iko, chini ya KKKT, lile Kanisa la Kilutheri, na pamoja na dawa wagonjwa hufanya kazi za mikono na za shamba, ju hio pia ni tiba. Usiende huko kuzurura na kamera, ni hospitali na wagonjwa wako na haki ya siri yao. Chukua tu wazo lao: mtu mwenye akili imechoka hahitaji kulala chali mwezi mzima. Anahitaji kazi ndogo yenye ina mwanzo na mwisho, yenye mikono inaeza iona ikikamilika, na mtu kando yake. Kupalilia sukuma wiki kwa mkebe nje ya keja ni moja. Kufua nguo na mikono bila masikio kuwa na muziki ni ingine.

Na kuna mahali mlima haufai kutumwa. Kama ni wiki mbili na zaidi hakuna kitu inakufurahisha, huli, hulali ama unalala tu, ama umeanza kufikiria kutoka duniani, hio sio uchovu wa kupeleka safari. Ambia mtu mmoja leo, hata kwa meseji, na uende hospitali ya karibu uulize huduma ya afya ya akili. Nairobi kuna Mathari na Kenyatta, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe. Usipande mlima peke yako ukiwa hivyo. Na ukimjua beshte mwenye ako hapo, usimtumie mistari ya kumpa moyo. Enda kwake, kaa, umpeleke.

Wacha nimalizie na doh na siku, ju najua hapo ndio wengi watasema "ni poa lakini". Safari yenyewe ni basi, gesti na chakula cha soko. Mbogi ikichanga kila wiki kama chama, inaeza enda, na mkiwa wengi mwongozaji wa Magamba mnamlipa pamoja. Siku nazo, kama umeandikwa kazi, ni zako kisheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye unalipwa ukimaliza mwaka mmoja, na siku moja ya kupumzika kati ya kila saba. Ya Tanzania ya 2004 inakupa siku 28, na wiki ya kawaida isipite saa 45. Kuna mayut wengi wanaogopa kuitisha hizo siku ndio mdosi asiwaone wabaya. Itisha kwa maandishi, weka tarehe, na uweke nakala yako.

Kama mdosi ni wewe, boda ni yako ama kibanda ni yako, hakuna mtu atakusainia likizo. Chagua siku moja ya wiki yenye biashara hulala, ambia wateja wako wote, na siku hio ufunge. Ganji itapungua kidogo mwezi wa kwanza, na hio ni gharama ya ukweli, sitaificha. Anza na hio siku moja. Lushoto utaenda msimu wa masika ukiisha, mkishachanga.